Baiskeli ya Mke wa Mtu wa Boda

Ndinda alifika jikoni saa kumi na moja na dakika ishirini, na uji wa wanafunzi mia nne ulikuwa bado maji baridi. Mhasibu wa shule, bwana Kitheka, alikuwa amesimama mlangoni na daftari la kusaini, simu yake ikimulika ukurasa, kana kwamba aliamkia kazi hiyo tu. Na kwa kweli aliamkia hiyo tu. Kuna watu ambao hawakujaliwa kipaji kingine isipokuwa kungojea mwenzao akosee.

“Mama Yvonne, hii ni mara ya ngapi?”

“Ya pili, bwana Kitheka.”

“Ya pili kwa mwezi mmoja. Andika saa uliyofika. Usiniandikie saa uliyotoka nyumbani, hiyo hainihusu.”

Ndinda aliandika. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi kwa baridi ya Mbooni, na tarakimu zikatoka zimepinda kama za mtoto wa nasari. Nyuma yake wasichana watatu wa Form Two walikuwa wameleta ndoo za maji ya kuoga. Walitazama chini. Hilo la kutazama chini ndilo lililomuuma zaidi, kwa maana walimpenda, na mtu hapendi kuaibishwa mbele ya watoto wanaompenda.

“Ya tatu hata usivue leso,” Kitheka alisema akifunga daftari. “Geuka hapo getini, urudi. Kuna akina mama kumi wanaomezea mate hiyo sufuria yako.”

Hakuwa anadanganya. Kazi ya mpishi wa shule haikuwa na mshahara wa kujivunia, elfu tisa kwa mwezi, lakini ilikuwa inakuja kila mwezi, na katika nyumba ya Ndinda hakukuwa na kitu kingine kilichokuja kila mwezi isipokuwa upepo. Ndiyo iliyomweka binti yake Yvonne chuo cha ufundi mjini Wote. Ikiondoka, Yvonne arudi nyumbani, na hapo umaskini wao hautafichika tena.

Shida ilikuwa mlima. Nyumba yao ilikuwa chini, karibu na mto, na shule ilikuwa juu mgongoni kabisa: kilomita tisa, na katika hizo tisa saba ni za kupanda. Kwa miguu ni saa mbili ukiwa na afya, na saa mbili na nusu ukiwa umelala vibaya. Boda ya alfajiri ilikuwa mia mbili tangu mafuta yapande, tena umbembeleze mtu atoke kitandani. Piga hesabu mwenyewe. Ndinda alishaipiga akaiacha.

*

Na kichekesho ni kwamba mume wake alikuwa mtu wa boda.

Nyamai alibeba watu wa Mbooni nzima. Alibeba akina mama wajawazito, alibeba wachungaji, alibeba mbuzi waliofungwa miguu. Mkewe hakumbeba, kwa sababu pikipiki haikuwa yake. Ilikuwa ya bwana Musyimi, mwenye duka la vifaa, na tangu Januari, baada ya pikipiki moja kuibwa kule Kikima, Musyimi alitoa amri kwamba pikipiki zake zote zilale kwake, ndani ya geti. Alizifungulia saa kumi na mbili na nusu, baada ya chai yake.

“Umeongea na Musyimi?” Ndinda alimuuliza jioni hiyo, akimwekea isyo ya mahindi na maharagwe kwenye sahani.

“Nimeongea.”

“Akasemaje?”

Nyamai alitafuna punje za mahindi muda mrefu kuliko zilivyohitaji. “Akasema alinunua pikipiki, hakununua familia yangu.”

Ndinda alimwongezea isyo. Alimhurumia, na huruma hiyo ikamkasirisha, kwa sababu haikuweza kupanda mlima.

“Mtegemea cha nduguye hufa maskini,” alisema mwishowe. “Na Musyimi hata si ndugu. Mimi nitatafuta baiskeli.”

Nyamai alicheka. Halafu akaona mkewe hacheki, akaacha.

“Baiskeli gani? Black Mamba? Hiyo mlima utaisukuma mpaka juu, afadhali utembee bila mzigo.”

“Si Black Mamba. Zile za gia.”

“Ndinda, mimi ni mtu wa boda. Mke wa mtu wa boda apande baiskeli, kwani wenzangu wa steji watasemaje?”

“Saa hiyo watu wa steji wamelala. Mimi ndiye niko kwa barabara.”

*

Uwanja wa vyuma chakavu sokoni Tawa ulikuwa wa mwanamke aitwaye Isnino, aliyehamia kutoka Garissa na mumewe miaka kumi na tano iliyopita, akamzika mumewe hapo na kubaki na mzani. Watu walimwita Mama Ilhan. Alivaa hijabu ya kahawia na glavu za kuchomelea, na alijua uzito wa mlango wa gari kwa kuutazama. Kila Alhamisi lori lilikuja likabeba vyote kwenda kuyeyushwa.

Ndinda alikuwa amepeleka karai lililotoboka na mabati mawili yaliyooza. Siku hiyo ilikuwa Jumanne. Aliiona juu ya lundo, imelala ubavu kati ya jiko la mkaa na kitanda cha hospitali: baiskeli ya gia, nyekundu iliyofifia mpaka ikawa rangi ya udongo wa kwao, matairi yamekufa, kiti kimeliwa na panya. Aliishusha kutoka kwenye lundo mwenyewe bila kuomba ruhusa. Mabomba yake yalikuwa membamba kuliko ya baiskeli za duka la jumla, zile zenye springi mbele na nyuma, na hata hivyo ilikuwa imekaa wima, haijapinda popote.

“Mama Ilhan, hii ni pesa ngapi?”

Isnino alikuja, akainama, akapangusa vumbi kwa glavu kwenye bomba la chini ya kiti. Hapo palikuwa na kibandiko kilichochanikachanika, na juu yake herufi kadhaa zilizofutika na namba moja nzima.

“Bei imeandikwa,” alisema. “Elfu nne, mia moja na thelathini.”

“Nani aliiandika?”

“Mwenyewe. Ilikuwa ya mzungu wa mradi wa maji, akamwachia askari wake. Askari amekufa, watoto wake wakaniletea na barua ya chifu. Wallahi, mimi sikuandika kitu.”

Elfu nne! Ndinda aliitazama ile namba, 4130, na moyo wake ukaanguka. Lakini hakuiachilia baiskeli. Alijua kupanda baiskeli tangu utotoni, alipokuwa akiteka maji mtoni na mitungi minne, na mikono yake ilikuwa tayari imeshika usukani kama iliyosahau kuomba ruhusa.

“Nitaita fundi aiangalie,” alisema.

“Ita. Kuangalia ni bure mpaka Alhamisi.”

Fundi Kisilu alikuwa hatua hamsini tu kutoka hapo, chini ya bati lake, mzee aliyetengeneza baiskeli tangu wakati ambapo kuwa na baiskeli kulimpa mtu mchumba. Sikio lake la kushoto halikusikia kitu. Alikuja na spana moja na bisibisi moja, hakusalimia vyuma vingine, akaipindua ile baiskeli miguu juu kama mbuzi wa kuchinjwa.

Alizungusha gurudumu la mbele, likaenda sawa. Alizungusha la nyuma, likayumba kidogo. “Spoki mbili zimekatika. Hiyo ni kazi ya nusu saa.” Alishika miguu ya pedali akaivuta na kuisukuma kwa ubavu, haikucheza. Alichimba kutu kwa ncha ya bisibisi kwenye viungo, akapuliza, chini yake chuma kikang’aa. “Kutu ya ngozi. Haijafika kwa mfupa.” Kisha akapitisha kidole gumba polepole chini ya bomba kubwa, pale linapokutana na shingo, akirudia na kurudia.

“Unatafuta nini hapo, mzee?” Ndinda aliuliza.

“Hapa ndipo baiskeli huvimba ikigonga ukuta. Rangi inakunjamana. Wauzaji wanapaka rangi nyingine juu, lakini kidole hakidanganywi.” Aliinuka. “Hii haijagonga mtu.”

Mwisho akainama, akaweka sikio lake la kulia karibu na fremu, akaanza kuigonga kwa spana. Bomba la juu lililia, sauti nyembamba ndefu. Bomba la chini likalia. Kisha akagonga bomba la kiti, chini karibu na pedali, na likatoa sauti ya debe lenye unga.

Kisilu aligonga tena. Ilikuwa vilevile.

“Imepasuka?” Ndinda aliuliza, na sauti yake haikuwa ya mtu anayeuliza habari za chuma.

“Ama imepasuka ndani, ama iko na kitu. Kama ni ufa, mama, muachie huyu ayeyushe. Itakatikia kwenye mteremko, uzikwe nayo.”

Ili kuona ndani ilibidi kung’oa nguzo ya kiti, na nguzo ilikuwa imeshikwa na kutu. Kisilu alimwaga oili chafu, wakangoja. Alizungusha, haikusogea. Isnino alisema hata yeye ana mikono, akavua glavu. Wakashika kiti wote watatu, mzee mmoja na wanawake wawili, wakakikaza upande mmoja mpaka chuma kikapiga ukelele na nguzo ikazunguka, ikatoka. Kisilu akaiinua fremu na kuitikisa. Ukatoka mchanga, kisha donge la udongo mkavu kama yai, kisha jingine, kisha vumbi la mbawa.

“Nyigu,” Kisilu alisema. “Wamejenga nyumba.”

Akagonga tena. Bomba lililia kama mengine.

Mzee hakusema neno. Hakuna fundi mwenye akili anayesifu kitu kabla hakijalipwa. Alijifuta mikono, akajifanya anatazama mawingu.

“Mama Ilhan,” Ndinda alisema, “elfu nne sina.”

“Bei ni ya mwenyewe.”

Hapo Kisilu akainama mara ya mwisho, akapangusa uma wa mbele kwa leso yake, na chini ya tope kukatokea kibandiko kidogo. Juu yake kulikuwa na namba ileile: 4130.

“Basi hapa tena kuna bei ingine,” alisema. “Fremu elfu nne na uma elfu nne? Huyu mzungu alikuwa anauza baiskeli kwa vipande, kama nyama?”

Isnino alitazama namba ya kwanza, akatazama ya pili. Alianza kucheka taratibu, mabega yakitikisika, mpaka akalazimika kushika mzani.

“Hiyo ni nini basi?”

“Ni jina la chuma,” Kisilu alisema kwa shingo upande.

“Chuma nzuri?”

Mzee akanyamaza.

“Leta kwa mzani,” Isnino alisema. Ilikuwa kilo kumi na tatu na nusu. “Haya. Mzani unasema mia sita. Na kunyamaza kwa Kisilu ni elfu moja. Jumla elfu moja na mia sita, na risiti nakuandikia, mtu asikuulize barabarani umeitoa wapi.”

Ndinda alilipa. Walipokuwa wameondoka hatua ishirini, Kisilu alimgeuzia sikio lake zima na kusema, kwa sauti ya chini iliyosikika soko zima, kwamba chuma cha namba hiyo kinatengenezwa chembamba kwa sababu ni kigumu, kwamba hakichoki upesi, na kwamba zile mpya za springi zinamnyonya mtu nguvu mlimani kama kukanyaga godoro.

“Lakini gia za mbele kamba imekufa,” aliongeza. “Nitaifunga cheni kwenye kile kiduara kidogo kabisa. Utapanda mpaka mbinguni. Kwenye tambarare utakanyaga kama mwendawazimu na hutafika popote.”

“Kwetu tambarare iko wapi?” Ndinda alisema.

*

Raba zote nne za breki zilibadilishwa, kwa sababu kupanda ni nguvu lakini kushuka ni roho. Kisilu alimfungia kerea ya mizigo nyuma na taa mbele. Nyamai alipoikuta imeegemea ukuta wa jikoni aliizunguka mara mbili, akabonyeza tairi, akaangalia cheni kwa jicho la mtu anayejua mashine, na kwa sekunde moja uso wake ulikuwa wa mtu aliyependa. Kisha akakumbuka aibu yake.

“Utavaa nini?”

“Suruali yako ya zamani ndani ya sketi.”

“Suruali yangu?”

“Ile inayokubana tangu unenepe.”

Asubuhi ya kwanza ilikuwa mbaya, tusidanganyane. Mbwa wa jirani walimfuata mpaka kanisani. Cheni ilikula pindo la sketi. Pale kwenye kona ya mikaratusi, mahali ambapo hata pikipiki hulia, alihisi mapaja yanawaka na akataka kushuka asukume. Badala yake akasogeza gia ya nyuma mpaka ya mwisho, miguu ikaanza kuzunguka haraka na baiskeli ikaenda polepole kama kobe, lakini ikaenda. Hakushuka. Alikuwa amewaahidi watu wengi kichwani mwake, na wa kwanza alikuwa Kitheka.

Kitheka alifika jikoni saa kumi na moja kasorobo na daftari lake kwapani. Moto ulikuwa unanguruma, na mvuke wa uji umejaa madirisha.

“Umekuja na nini?” aliuliza.

“Leta nisaini, bwana Kitheka,” Ndinda alisema. “Saa niliyofika. Saa niliyotoka nyumbani haikuhusu.”

Akaandika saa kumi na nusu, na safari hii tarakimu zilisimama wima.

*

Mambo yangeishia hapo kama watu wangekuwa na shughuli zao. Baada ya wiki tatu, muuguzi wa zahanati na mama mmoja wa kuuza mboga walikwenda kwa Kisilu kuuliza kama anaweza kuwapatia “ile ya mke wa Nyamai”. Abiria nao wakapata ulimi. Mtu akitajiwa nauli pale steji alijibu, “Mia na hamsini? Hata mke wa mwenzenu amewakimbia.” Wakacheka, na kicheko kikaingia mifukoni mwa vijana wa boda.

Steji ina sheria. Ina mwenyekiti, katibu, daftari na mhuri. Jumamosi mwenyekiti, Mwau, alimwita Nyamai mbele ya wenzake kumi na wanane na kumwambia kwamba ameleta aibu kwa chama. Hawakumuuliza chochote. Walimtoza faini ya kawaida, kreti moja ya soda, na mpaka kreti ifike asipakie abiria pale.

Alirudi nyumbani saa kumi jioni, pikipiki ya Musyimi ameshairudisha. Ndinda alikuwa anapepeta maharagwe. Nyamai alisimulia akiwa amesimama, akimalizia na jambo alilokuwa amelikariri njia nzima.

“Weka hiyo chuma kando. Mwezi mmoja tu, mpaka watulie.”

“Na mwezi huo nitaenda kazini na nini?”

“Tutaona.”

“Nyamai. Ukisema tutaona, anayeona ni mimi.” Aliweka ungo chini. Hakupaza sauti. “Yvonne anamaliza Novemba. Mimi sitashuka kwa hiyo baiskeli, hata wakitoza ng’ombe.”

“Wananicheka, Ndinda.” Alisema hivyo tu, na macho yake yakawa mekundu. “Kila siku. Wananiita turn-boy, utingo wa baiskeli.”

Alimwangalia mume wake. Alikuwa mtu mwema aliyechoka kuwa mdogo mbele ya watu: mdogo mbele ya Musyimi, mdogo mbele ya Mwau, na sasa amekuja kutafuta mahali pa kuwa mkubwa, akamkuta yeye. Alimpenda. Hakumpa nafasi hiyo.

“Kreti ni shilingi ngapi?” aliuliza.

“Na ya chupa pamoja? Karibu elfu mbili.”

“Kesho nitailipa mimi. Wewe uwe pale.”

*

Jumapili baada ya kanisa, steji ilikuwa imejaa. Iko pale njia panda, juu ya mteremko mrefu wa kutoka dukani, kilomita mbili na nusu ambazo watu wazima hulipa mia kuziepuka. Nyamai alikuwa amekaa mwisho wa benchi, kofia yake magotini. Mwau alikuwa anaeleza jambo la barabara, na aliyenyamaza kwanza alikuwa kijana aliyekuwa akitazama chini mteremkoni.

Alikuwa anakuja. Sketi ya kanisani, suruali ndani, na nyuma kwenye kerea kreti nzima ya chupa ishirini na nne, imefungwa kwa mpira wa tyubu mara tatu. Alikuwa anakuja polepole sana. Chupa zilikuwa zinagongana, na mlio wake ulifika kabla yake. Mtu mmoja akasema, “Atashuka pale kwa jiwe.” Akalipita jiwe. Mwingine akasema, “Kwa mwembe wa Mutua hapo atashuka.” Akaupita. Baada ya hapo hakuna aliyetaja mahali pengine.

Alisimama mbele ya Mwau, jasho linamdondoka kidevuni, akihema. Hakuna aliyecheka. Nyamai alikuwa wa kwanza kuinuka. Akafungua ule mpira, akaibeba kreti, akaiweka chini.

“Faini ya Nyamai,” Ndinda alisema alipoweza. “Chupa zote ziko. Hesabuni.”

“Ni sawa, Mama Yvonne,” Mwau alisema haraka. “Tumeshukuru. Mambo yameisha.”

“Hayajaisha. Nataka risiti.”

“Ya soda?”

“Ya faini. Si mko na daftari na mhuri?”

Katibu, Musembi, kijana aliyekuwa amekunywa uji wa Ndinda miaka minne pale shuleni, akatoa daftari mkobani. Akaandika tarehe. Akaandika jina. Kisha kalamu ikasimama.

“Mwaitu,” alisema, kwa heshima ya mtu anayemwita mama yake, “hapa kuna mahali pa kosa. Niandike nini?”

“Muulize mwenyekiti.”

“Andika utovu wa nidhamu,” Mwau alisema.

“Nani nilimtukana?” Ndinda aliuliza. “Amtaje.”

Mwau aligeukia daftari.

“Basi andika kuharibu biashara ya wanachama.”

“Haya. Biashara ya nani?” Aligeuka akawatazama wote, mmoja baada ya mwingine, vijana na wazee, jaketi zao za kung’aa na helmeti zao. “Mimi natoka nyumbani saa tisa na nusu usiku, Jumatatu mpaka Jumamosi. Mshahara wangu unaweza kulipa nauli ya hamsini tu. Nani kati yenu amekuwa akinibeba saa hiyo, na mimi nikamnyang’anya riziki? Anyooshe mkono nimwombe msamaha.”

Hakuna mkono ulioinuka. Musembi bado alikuwa ameshika kalamu juu ya karatasi.

“Mwandikie,” sauti ikasema.

Alikuwa Nyamai. Alikuwa amesimama kando ya kreti, kofia imeshakaa kichwani.

“Mwandikie hivi, Musembi. Kosa: mke wa Nyamai amefika kazini mapema.”

Musembi alimtazama mwenyekiti. Mwenyekiti alitazama barabara. Kijana akaandika, neno baada ya neno, akiyatamka kwa sauti ya chini kama mtu anayesomewa imla, kisha akapiga mhuri wa steji juu yake, akachana karatasi na kuitoa kwa mikono miwili.

Ndinda aliisoma, akaikunja mara nne, akaiweka kifuani pamoja na chenji iliyobaki dukani. Akapanda baiskeli yake. Chini, mteremko ulikuwa unamngoja, akazijaribu breki, ya mbele kisha ya nyuma.

“Kunyweni ikiwa bado baridi,” aliwaambia. “Lakini kreti tupu mtairudisha dukani wenyewe. Diposti ni yangu.”